Singo Yetu na Jeneza la Masolwa

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Kikao cha bendi leo, nyuma ya karakana ya Marko hapa Isevya. Nilidhani tunajadili video ya singo yetu. Kumbe ninayejadiliwa ni mimi.

Niandike vizuri, ili siku wakiandika historia ya roki Tabora wasikosee. Bendi yetu ni Radi ya Unyanyembe. Tuko wanne. Marko anapiga dramu. Mchana anachomelea mageti na masikio yake yameshaharibika, ila kwa mpiga dramu wa roki hicho si kilema. Nurdini ni fundi baiskeli, anapiga besi. Dafrosa ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, anapiga gitaa la solo na ana tabia ya kunikazia nyuzi za gitaa langu bila kuombwa. Mimi, Renatus, miaka thelathini na tisa, ni mwanzilishi, mtunzi, mwimbaji na mwenye koti la ngozi.

Singo inaitwa "Nitaamka Mwenyewe". Tuliirekodi Mei. Mpaka leo imesikilizwa mara arobaini na moja. Mara thelathini ni mimi. Dafrosa akasema bila video hakuna atakayeisikiliza. Nikasema video inakuja. Akasema nilisema hivyo Mei, nikasema tena Juni, na Julai nikasema kwa kuapa. Ana kumbukumbu nzuri sana yule dada. Ndio ubaya wake.

Azimio: video isipokuwa tayari ifikapo tarehe 30, maiki anachukua Dafrosa. Nurdini akainua mkono. Marko naye akainua. Nikajua hakusikia, nikarudia kwa sauti ya juu. Akainua mikono miwili.

Maiki! Nikinyang'anywa maiki nabaki nani? Mtu mzima mwenye koti la ngozi kwenye joto la Tabora.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepata mpiga picha. Anaitwa Ezekia, anashuti harusi kuanzia Nzega mpaka Igunga. Atashuti bure, mradi Nurdini amtengenezee baiskeli yake. Anasema amechoka na harusi, anataka sanaa. Akanionyesha kazi zake. Sahani ya pilau kwa karibu. Keki kwa karibu. Njiwa wawili wa kompyuta wanaruka juu ya kichwa cha bwana harusi, kisha mioyo myekundu inajaa kioo kizima. Nikamuuliza kama ameshawahi kushuti roki. Akasema aliwahi kushuti kipaimara chenye fujo.

Jioni nikawaeleza wenzangu wazo langu. Dafrosa akaniwahi na lake: tutembee barabara ya zamani ya kwenda Kwihara, tumejitwisha dramu na spika, mmoja nyuma ya mwenzake, kama wapagazi wa zamani. Nikalikataa. Mababu zetu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani wakachubuka mabega, leo tubebe tena kwa hiari? Halafu niliona wazi nani angetangulia mbele.

Wazo langu ni msiba. Mimi nimelala ndani ya jeneza. Umati unalia. Kiitikio kinaanza, "Msinishike, nitaamka mwenyewe!" Nafufuka na maiki mkononi, uso nimepaka unga, macho nimezungushia masizi. Nurdini alisisimka mpaka akasimama. Hata Dafrosa aliacha kunikazia nyuzi. Kisha akauliza umati tutautoa wapi.

Yeye na maswali yake ya darasani!

Jumamosi, 7 Septemba

Siku tatu za kutafuta umati. Mwalimu wa kwaya, Vedasto, alinisikiliza kwa upole, akasema kwaya ingekuja kwa furaha kama ningeondoa dramu, magitaa, jeneza, na mimi mwenyewe. Majirani wa Isevya wanauliza watakula nini. Vijana wa bodaboda wamekubali wote, ila hawashuki kwenye pikipiki.

Mchana nikapita Cheyo, nikakuta mazishi ya mzee nisiyemjua. Nikasimama, si vizuri kupita tu. Mungu wangu! Watu mia nne! Hakuna aliyewaita mara mbili, hakuna aliyewalipa. Wamekuja na unga, maharage na kuni. Wanajua pa kusimama. Wanajua wakati wa kulia na wakati wa kunyamaza. Kina mama wanaimba sauti nne bila kufundishwa.

Nikapata akili palepale, mbele ya kaburi la watu. Nikatabasamu. Mama mmoja akanishika bega, akaniambia nijikaze, marehemu alikuwa anaumwa siku nyingi.

Jumatatu, 9 Septemba

Jeneza limepatikana. Masolwa, seremala wa Cheyo, ameniazima moja la mninga lenye vishikio vya dhahabu. Dhahabu ya rangi, lakini kwenye kamera itawaka. Masharti mawili. Kwanza, lisichubuke, kwa sababu ni la kuuzwa. Pili, jina lake lionekane. Ameshalipiga rangi ubavuni, herufi kubwa: MASOLWA, KARIBUNI TENA.

Nimelala ndani kwa majaribio. Pana nafasi ya kutosha, hata maiki inaingia. Hewa ndiyo shida. Nikaomba atoboe kitundu, akanitazama kama nimemtukana mama yake. Tumeafikiana tuweke gunzi la mahindi chini ya mfuniko, libaki na mwanya.

Ishara ni kugonga. Nikigonga mara tatu kutoka ndani, Marko anaanza dramu. Tumejaribu mara sita. Mara ya saba akasikia. Nimeahidi kugonga kwa nguvu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetuma ujumbe kwenye grupu la ukoo, na kwenye grupu la jumuiya, na lile la waliosoma darasa la saba mwaka wangu. Nimeufikiria asubuhi nzima. Huu hapa:

"Msiba. Kwa Renatus, shambani kwa mjomba, Itetemia. Jumamosi saa nne asubuhi. Mavazi meusi."

Utafute uongo humo, hutauona. Sikusema nani amekufa. Sikusema kama amekufa mtu. Mambo ya video nitawaeleza palepale baada ya kushuti, tucheke wote. Nikiwaeleza mapema watakuja kuigiza, na watu wa ukoo wetu wakiigiza kilio wanatia aibu. Nataka sura za kweli.

Wenzangu nimewaambia watu wamealikwa na wameitikia vizuri. Nurdini akauliza kama watani nao wanajua. Nikamcheka. Msiba wenyewe wa kubuni, watani watoke wapi?

Kisha nikazima simu. Maswali yangekuwa mengi.

Ijumaa, 13 Septemba

Niko shambani Itetemia tangu jana, peke yangu, natuliza sauti. Wasanii wakubwa hujitenga kabla ya kazi. Mjomba yuko Urambo kwa shughuli za tumbaku, ameniachia funguo na mbuzi wawili. Nimewaimbia kiitikio. Mmoja ameondoka.

Niliwasha simu dakika moja kuangalia saa. Ujumbe mia moja na kumi na saba! Sikuusoma, nisivunje utulivu. Niliona tu wa juu kabisa, wa Shangazi Kabula, dada yake marehemu baba. Ameandika: "Jamani Reno wetu." Nikadhani amefurahi.

Nimekata shauri: kesho nitavaa soksi mpya.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika jioni. Shavu la kushoto limevimba.

Nianze asubuhi. Saa tatu nimeingia ndani ya jeneza, unga usoni, masizi machoni, maiki kifuani. Koti la ngozi wakalitandaza juu ya mfuniko, kama wanavyofanya kwa wanajeshi. Bendi ikapanga vyombo chini ya turubai. Ezekia akafunga kamera. Masolwa akaja kulilinda jeneza lake. Gunzi likawekwa.

Saa nne nikasikia magari. Pikipiki. Baiskeli nyingi mno. Nikachungulia kwenye mwanya, nikaona miguu. Miguu mia! Mia mbili! Zaidi! Nililia kwa furaha, masizi yakaingia jichoni.

Kisha vilio. Jamani, vile vilio. Nilidhani ni vya mtu anayeweza kumlilia yeyote, mpaka nikaitambua sauti ya Shangazi Kabula. Alishika jeneza kwa mikono miwili. Akasema Reno alikuwa mtoto mwema. Akasema Reno alikuwa na akili kuliko wenzake wote, ila hakupata wa kumwelewa. Akasema ile sauti yake, ile sauti, sasa tutaisikia wapi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wanamlilia Renatus! Nilituma ujumbe kwa simu yangu, nikaizima, haipatikani siku tatu. Kila mtu aliona ndugu wametumia simu ya marehemu kutoa taarifa, kama ilivyo kawaida.

Ningetoka palepale. Mungu ananiona, nilikuwa nimeshainua mkono. Lakini shangazi alikuwa hajamaliza kunisifu. Sijawahi kusifiwa hivyo tangu nizaliwe. Nikasema ngoja amalize. Alipomaliza yeye akaanza mwenzangu wa darasa la saba, akasema mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Nikasubiri na huyo.

Nikachelewa. Wakaingia watani.

Bi Mwanamkuu ni Mzaramo. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, wakahamia Cheyo miaka mingi iliyopita, akabaki anapika vitumbua. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani hana mipaka. Anachukua atakacho, mtakikomboa. Anamwiga marehemu. Anazuia maziko mpaka aridhishwe. Na ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Mimi mwenyewe nimecheka sana kwenye misiba ya wengine.

Akaja na mdogo wake, Mwamvita, wote wamefunga kanga viunoni, wamejipaka majivu. Nikasikia anauliza marehemu kafa na nini. Hakuna aliyejua. Akasema basi kafa na sauti yake mwenyewe, ilikuwa inamkaba tangu zamani. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kukohoa vicheko.

Akachukua koti langu la ngozi, akalivaa. Akachukua maiki ya akiba. Akaniiga! Akafumba macho, akatanua miguu, akaimba singo yetu kwa kupitia puani. Akafika ubeti wa pili akasahau maneno palepale ninaposahau mimi, akakohoa kile kikohozi changu, akamtazama Dafrosa amsaidie. Nilikuwa sijui kama watu wameshagundua. Kumbe wanajua mpaka mstari.

Kisha akakaa. Juu ya mfuniko. Gunzi likavunjika, giza likaingia. Akatangaza kwamba mtu huyu hazikwi mpaka wafiwa walete jogoo mwekundu na blanketi.

Nikagonga. Si mara tatu, mara nyingi, kwa ngumi. Nikamsikia ametulia. Kisha na yeye akagonga kutoka juu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Lala wewe! Hata kufa kunakushinda?"

Watu wakaangua kicheko. Wakadhani ni yeye aliyegonga tangu mwanzo. Mtu mmoja tu hakucheka. Marko. Maana Marko, kwa mara ya kwanza tangu namfahamu, alikuwa amesikia vizuri. Akaanza dramu.

Besi ikaingia. Gitaa likaingia. Nikasukuma mfuniko, hausogei. Bi Mwanamkuu si mwepesi. Utangulizi ukapita mara moja, hakuna mwimbaji. Mara mbili. Mara ya nne nikamsikia Dafrosa anaanza kuimba.

Niseme ukweli, hiki ni kitabu changu mwenyewe. Aliimba vizuri. Aliufikia ubeti wa pili akaupita kama hana habari nao. Kina mama wakaingia kwenye kiitikio kwa sauti nne, na mimi ndani ya jeneza nikaitikia pia, kwa sababu ni wimbo wangu na sikuwa na kazi nyingine. "Msinishike, nitaamka mwenyewe!" Juu yangu mtani anacheza amekaa, mbao zinalia.

Ghafla kila kitu kikanyamaza. Hata Marko.

Nikasikia mtu anakuja mbio, pumzi zimemwishia. Anaita jina langu, si Reno, Renatus, lote. Mama. Mama yangu Josepha, miaka sabini na mbili, ametoka Nzega! Yeye ana simu ya kitochi, hana grupu lolote, sikumfikiria hata kidogo. Wamempigia jana. Amepanda basi la alfajiri.

Bi Mwanamkuu akainuka bila kukombolewa na mtu. Mbele ya mama mzazi hata mtani anainuka. Mama akaufungua mfuniko mwenyewe.

Nikaketi.

Watu mia tatu wakakimbia. Masolwa alikimbia wa kwanza, na yeye ndiye aliyenifungia humo. Mama hakukimbia. Alinitazama usoni, na ule unga, na yale masizi. Akanigusa kifua kuona kama kinapanda na kushuka. Kisha akanipiga kofi moja. Nikaanguka tena ndani.

Mguuni alikuwa na ndala moja. Nyingine aliiacha stendi ya Nzega, hakuona sababu ya kurudi kuichukua. Akakaa chini kwenye vumbi kando ya jeneza, akavuta pumzi muda mrefu. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Niliona haya. Nimewahi kuona haya mara nyingi, nina uzoefu, lakini haya ya leo sijawahi kuiona.

Jumapili, 15 Septemba

Nimempeleka mama kununua ndala. Amechagua za bluu. Hajaniambia neno, ila kila baada ya muda ananishika mkono, anaubonyeza, anauachia. Mchana akanitaka niape kwamba sitamtangazia tena mtu yeyote msiba wa uongo. Nikaapa. Akanitaka niape kwa sauti ya kusikika. Nikaapa hivyo.

Nikampeleka stendi. Nililia basi lilipoondoka. Mbele za watu, mimi mwanamuziki wa roki. Wallahi sijali.

Jumanne, 17 Septemba

Ukoo umekaa kwangu. Mwenyekiti, Shangazi Kabula. Nimemwamkia shikamoo, amekaa kimya mpaka nikahesabu hadi kumi na nne, ndipo akasema marahaba, akitazama ukuta.

Hukumu. Kwanza, nitazunguka kila nyumba iliyoleta unga au kuni, kaya thelathini na nane, nijionyeshe kwamba ni mzima na niamkie wakubwa wote. Pili, ndiyo imeniuma. Shangazi akasema msiba wangu wameshaulia, chakula chake kimeshaliwa, machozi yake yameshatoka. "Siku ukifa kweli, usitusumbue."

Wote wakakubali. Imeandikwa kwenye daftari la ukoo. Mimi ni mtu ambaye ameshamaliza msiba wake.

Nikamuuliza kwa heshima kama yale aliyosema juu ya sauti yangu bado yapo. Akasema msibani watu husema mengi.

Alhamisi, 19 Septemba

Kaya kumi na moja zimekwisha. Cheyo nimemwamkia bibi mmoja aliyenifungia mlango, akasema roho irudi ilikotoka. Nimesimama nje robo saa nikimwimbia ajue ni mimi. Akasema sasa ameamini, niondoke.

Nilipita kwa Bi Mwanamkuu nidai koti. Alikuwa anageuza vitumbua huku amelivaa, kwenye moto! Akasema jogoo na blanketi, ndiyo desturi. Nikamweleza kwamba sikufa, kwa hiyo msiba haukuwapo, kwa hiyo utani hauna nguvu. Akasema yeye alikuja msibani akiwa na nia safi, mwenye kasoro ni maiti. Kisha akanipa vitumbua vitatu. Ni mtani, huwezi kumchukia hata ukijitahidi.

Nikamuuliza kama alijua nilikuwa hai. Akasema alijua tangu alipokaa. Maiti hawanong'oni "Bibi, tafadhali".

Jumatatu, 23 Septemba

Ezekia ameleta video. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Tumeitazama kwenye simu ya Nurdini, vichwa vinne pamoja.

Inaanza na sufuria la maharage kwa karibu. Muda mrefu. Kisha jeneza, MASOLWA, KARIBUNI TENA, linasomeka vizuri kabisa. Kisha Bi Mwanamkuu na koti langu, anakaa, na Dafrosa anaanza kuimba, na kina mama nyuma yake nusu wanalia nusu wanacheka. Sijui nieleze vipi. Nywele zilinisimama. Ile ndiyo video niliyoiota tangu Mei, isipokuwa mimi simo.

Nimo sekunde nne, ukitoa marudio. Naketi, kofi, naanguka. Ezekia amelirudia kofi mara tatu, pole pole, na kila mkono wa mama unapotua njiwa wawili wanaruka kutoka shavuni kwangu. Mwisho mioyo inajaa kioo na maandishi: HONGERENI SANA.

Nikasema mioyo itoke. Dafrosa akasema ibaki. Kura nilishindwa.

Jumamosi, 28 Septemba

Imesambaa! Siku tano tu! Wanaitazama Nzega, wanaitazama Igunga, wanaitazama Kahama. Kwenye mabasi wanaipiga mfululizo. Mwanafunzi wa Dafrosa ameniuliza barabarani kama mimi ndiye yule wa kofi, akaomba tupige picha. Watu wanamtafuta bibi wa koti, vitumbua vyake vinaisha saa mbili asubuhi. Masolwa ameuza jeneza lile, na mengine mawili, na ananiamkia kwa mikono miwili.

Mama amenipigia. Ameionyeshwa na jirani. Akasema yule dada anaimba vizuri, ni mtoto wa nani? Nikamwambia mtunzi ni mimi. Akasema ndiyo, mwanangu, lakini ni mtoto wa nani?

Jumatatu, 30 Septemba

Kikao cha bendi. Nilifika wa kwanza, nimenyoa. Nikatoa hoja kwamba azimio limetimia: video ipo, tena kabla ya tarehe. Maiki inabaki kwangu.

Dafrosa akasema, kwa ile sauti yake ya kueleza mzunguko wa damu, kwamba video ipo kweli, ila aliyeimba ndani yake ni yeye, na aliyeitengeneza ni mtani. Akatoa barua ya mwaliko. Nzega wanatutaka tarehe 19 Oktoba, onyesho la kulipwa. Wamemtaja Dafrosa kwa jina. Wamemtaja Bi Mwanamkuu kwa jina. Mimi wameandika "na yule maiti, kama hana udhuru".

Kura: tatu kwa moja. Marko aliinua mikono miwili tena, na safari hii nina hakika alisikia. Nimepewa kayamba.

Nimekubali kiungwana. Nikatembea mpaka nyumbani nikiitingisha. Nimeumia, sitaficha. Lakini nimekaa kitako nikatafuta kosa langu, na nimelipata. Kosa lilikuwa msiba. Msiba una mfuniko, una watani, una kiapo cha mama. Singo ya pili lazima iwe harusi! Harusini hakuna anayelia, na wakilia ni sawa tu. Ezekia ndiyo fani yake, njiwa tayari anao.

Na la muhimu kuliko yote: bibi harusi haimbi. Anakaa, anainamisha macho, anafunikwa shela, anasubiri. Sasa Dafrosa akiwa ndiye bibi harusi, maiki atashika nani? Nimefikiri hilo nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Dafrosa sijamwambia. Nataka sura ya kweli.

Saa tisa alasiri nimetuma kwenye magrupu yote matatu: "Harusi. Renatus na Mwalimu Dafrosa. Jumamosi, Itetemia, saa nne asubuhi. Mavazi meupe." Safari hii nimeandika majina kamili, asije mtu akasema nimeficha. Na simu sikuizima.

Mambo yameanza kwa kasi ya ajabu. Sijui ujumbe umefikaje Igunga, lakini mzee Ngollo, baba yake Dafrosa, mfugaji ambaye hatujawahi kuonana, amenipigia mara tano ndani ya nusu saa. Sikupokea, nilikuwa natunga. Sasa ameandika kwamba yuko njiani na kaka zake Dafrosa wanne, wamebeba fimbo zao, na anaomba nimwelekeze nyumba yangu. Nimemwelekeza mpaka mlangoni. Wazee wa zamani wanaipenda sanaa, nadhani wanataka nafasi kwenye video.